Dole Gumba la Kulia

Jumanne ni siku ya walioumia.
Nafungua mlango saa mbili, nafuta meza
vumbi la saruji lililolala juu yake usiku kucha,
nao wako kwenye benchi tayari:
aliyeangukiwa na tofali, aliyeng'atwa na mbwa wa jirani,
aliyeteleza sokoni Tororo mbele ya kibanda cha samaki
na mpaka leo anaona haya kusema alianguka.

Mimi ni karani tu. Wakili Namakoye huja saa nne.
Kabla hajafika, maswali yananikuta mimi.
Mbwa akikosa mwenyewe, nimshtaki nani?
Nikipokea laki moja leo, kesho kinywa kimefungwa?
Aliniambia pole: je, pole ni ushahidi?
Hili la mwisho sikulijua. Nililiandika pembeni.

Adikini hakuuliza kitu.
Alikaa, mkono ndani ya leso,
kama mtu aliyebeba yai.

Mashine ya kusaga, Nagongera, msimu wa mahindi.
Mkanda ulikuwa na kifuniko cha bati.
Tajiri alikifungua mwezi wa tatu
akaezekea banda la kuku.
Niliandika: mwezi wa tatu. Niliandika: banda la kuku.
Sheria haishibi huruma, inataka tarehe.

"Ulivaa mikono mirefu?" wakili alimwuliza,
taratibu, maana upande wa pili utamwuliza kwa kelele.
"Nilivaa nguo niliyo nayo."
"Ulionywa kwamba ni hatari?"
"Nilionywa kwamba foleni ni ndefu."

Ndipo akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne,
ina doa la mafuta ya kula.
Bwana Okware alimpelekea wodini siku ya pili,
pamoja na soda, na mkate, na laki tatu.
*Mimi niliyetajwa hapo juu nimeridhika,
sina dai lolote, sasa wala baadaye.*
Na chini, chini kabisa, mstari mtupu, na maneno:
dole gumba la kulia.

Tulinyamaza wote watatu.
Nje lori la Malaba likapiga breki,
likaendelea.

"Nikamwambia," akasema Adikini,
"hilo unalolitaka unalo tayari.
Litafute kwenye pumba."
Akacheka. Sisi hatukujua kama tunaruhusiwa.

"Akasema, basi la kushoto.
Na daktari alikuwa anasubiri pesa ya sindano."
Akaigeuza karatasi, akaonyesha:
alama ya zambarau, imekaa upande,
kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.
"Je, la kushoto linahesabika?"

Kwa swali hilo moja alitembea tangu alfajiri.

Wakili hakujibu haraka. Nampendea hilo.
Akasema: ulikuwa na maumivu. Hukusomewa.
Kuna hakimu atakayelitazama hilo, na kuna atakayeliruka.
Akasema: mlango wa mahakama una miaka mitatu,
lakini usitembee kama mwenye miaka mitatu.
Kisha akafungua jedwali la fidia
ambamo kila kiungo kina asilimia yake,
jicho hapa, mguu pale,
kama bei za nyama ubaoni.

Adikini alilitazama kwa muda mrefu. Hasomi,
lakini alilitazama.
"Na lile la kuchagulia mawe kwenye wimbi?
Na la kumfunga mtoto mgongoni?
Yamewekwa ukurasa gani?"
"Ni lilelile moja," nikasema.
"Mimi nilikuwa nalo zaidi ya moja," akasema.

Ikabaki fomu yetu, ya kumpa wakili idhini.
Nikaleta wino. Nikaushika mkono wake wa kushoto,
mkavu, wenye unga kwenye mikunjo,
na tayari nilikuwa nauelekeza kwenye mstari
kwa mazoea ya miaka kumi na moja
alipouvuta.

"Soma kwanza."

Nikasoma. Nikasoma kwa Kipadhola, polepole,
kichwa cha barua, vifungu, nambari ya jalada,
mpaka sanduku la posta.
Wa benchi wakasogea mlangoni kusikiliza.