Barua Isiyo na Nukta

Mashine ya mizani haina picha.
Kioo cheusi, herufi za kijani,
na kijiti kinachopepesa
kama jicho la mtu aliyeulizwa deni.
Hapa ghalani Ngamiani, mkonge ukinuka hadi kwenye chai,
ukitaka kutuma barua huna pa kubofya:
waandika amri, waandika jina,
wagonga kitufe, wangoja.

Bi Mwanshamba Kihiyo alinifundisha wiki mbili,
kabla hajaanza kwenda Bombo kila Jumatano.
"Hii haibembelezwi, Hoza. Haikuulizi una hakika.
Ukisema futa, imefuta.
Kichwa cha barua kwanza, kisha maneno yako.
Ukimaliza, shuka mstari mpya, weka nukta,
nukta peke yake, isiwe na jirani.
Hapo ndipo inaondoka.
Usipoiweka itakungoja
hata ukafe."
Akacheka, akaenda kutafuta kitumbua.

Siku zile nilituma uzito tu:
marobota mia na arobaini, daraja la tatu,
unyevu asilimia kumi na mbili, lori la Pongwe.
Bandarini walijibu neno moja: Imefika.
Waja leo waondoka leo,
hata barua zetu.

Masika yakaja. Daftari likabaki na mwandiko mmoja.
Tulimzika Muheza, udongo mwekundu ukatuganda viatuni,
nami, kwa aibu, nikakisia kilo.
Binti yake alitoka Mtwara kwa basi.
Alifika saa kumi.
Tulikuwa tumeshafukia.

"Safisha mafaili yake," akasema bosi, "nafasi imejaa."
Nikaamuru orodha. Mistari ikashuka, ikashuka,
na chini kabisa faili
ambalo mashine yenyewe ililipa jina: barua-mfu.
Ndiyo desturi yake. Ukikatizwa katikati
haitupi ulichoandika.
Inakihifadhi, inakiita maiti.

Nikaifungua. Haikuwa uzito.

Kwa: Mwanahija
Kichwa: habari za nyumbani
Mwanangu, mvua zimeanza, bati la jikoni halivuji tena.
Daktari ana maneno mengi, mimi nasikia machache.
Usipande basi kwa ajili yangu, mtoto ana mitihani.
Na ile cherehani

Basi. Cherehani, halafu weusi mtupu.
Niliikumbuka ile Jumanne: umeme ulikatika,
mimi nje nahesabu marobota,
nikamsikia ndani akisonya.

Ile cherehani nini?
Imeuzwa? Iko kwa fundi? Asipewe mjomba?
Nikajaribu kummalizia. Nikafuta.
Mkono wangu haujui kuandika mwanangu.
Kulifuta faili lote nako sikuweza,
maana hii haiulizi una hakika.
Mwisho nikafanya lile moja nililofundishwa,
nikashuka mstari mpya, nikaweka

.

Mashine haikusema kitu.
Ni kama biarusi mbele ya kadhi:
kimya chake ndiyo ridhaa.
Usiku ule sikulala. Nilijiona mwizi,
kisha nikajiona tarishi, kisha mwizi tena.

Asubuhi ya tatu nawasha,
na kabla sijaamuru chochote, mstari mmoja:
Una barua mpya.
Namba moja, kutoka Mtwara.
Hakuna salamu, hakuna jina.
Maneno mawili:

Cherehani ipi?

Anamuuliza nani, sijui.
Nimeisoma kwa sauti, kisha bila sauti.
Nje lori limepanda mizani, honi inalia,
tani kumi na moja na ushei zinasubiri kuandikwa.
Naandika anwani yake. Kichwa nakiacha wazi.
Dada Mwanahija, mimi ni karani
niliyekaa kiti cha mama yako, na sijui
ni cherehani ipi, ila
Dereva ameshuka, anachungulia dirishani.
Mwambieni angoje.
Niko katikati ya barua.