Manyoya Ndani

Binti yangu Rositsa amekaa nami mbele ya kompyuta,
ananionyesha vitufe: pokea, zuia, niulize kwanza.
"Baba, zumari mbili za ngozi zimeshakwenda bure.
Mwizi alilipa kwa kadi ya mtu, mwenye kadi akalalamika,
benki ikarudisha hela. Mbuzi hawakurudi."

Mimi ni fundi wa Smolyan, huku milimani.
Ngozi naijua kwa harufu; mtu simjui kwa tarakimu.
Lakini aliyeumwa na nyoka, ndiyo, tukafunga:
kadi isiyo na anwani, sarafu tusizozizoea,
jina lisilofanana na jina.
Wiki mbili, kimya.
Hata mwizi hakubisha.

Jumanne yakakwama malipo kutoka Adelaide,
kadi ya Marguerite, mzigo wa Stoyan Karadzhov.
Majina hayalingani. Zuia?

Nikapiga simu. Kwao kulikuwa hakujapambazuka.
"Sioni, mwanangu. Mpwa wangu ndiye hunilipia."
Maneno hayo hata mwizi anayaweza.

"Zumari yako ya zamani," nikamwuliza,
"manyoya yanakaa ndani au nje?"
Akacheka mpaka akakohoa.
"Ndani! Na ukiisahau wakati wa baridi
hukauka na kulia kama bawaba."

Nikabonyeza pokea.

Rositsa akauliza hiyo ni kanuni gani,
aiingize pamoja na nyingine.
Akatafuta, akatafuta. Haina kisanduku.
Nimeiandika kwenye karatasi,
nimeibandika ukutani, juu ya kompyuta.