Ufunguo wa Chumba cha Pili

Katika orodha ya watumishi wa manispaa ya Nukazawa
jina langu liko chini, jirani na wazoa theluji:
Chizuru Onodera, karani, elimu ya watu wazima.
Nisidanganye. Sifundishi.
Kazi yangu ni ufunguo na mafuta ya taa.

Alhamisi saa kumi na mbili jioni nawasha stovu,
inakohoa, inanuka, inakubali.
Napanga viti sita. Najua watakuja wanne.

Tokuji hutangulia, fundi reli mstaafu,
mgane wa miezi minane.
Reli zote za bonde hili anazijua kwa mlio,
ila hajui chumvi hukaa wapi jikoni mwake;
mkewe aliondoka na ramani ya kabati.

Halafu Luzviminda, wa kiwanda cha uyoga,
mikono bado baridi, na kalenda ya taka mfukoni:
Jumatatu vinavyoungua, Jumatano chupa,
na vitu vingine ambavyo hata mimi nabahatisha.
Mwaka mzima mfuko wake umerudishwa mlangoni
na karatasi nyekundu asiyoweza kuisoma.

Usiku ule wa Januari barabara ilifungwa.
Mwalimu alipiga simu: gari limezama hadi taa.
Nikashika ufunguo, nikasema, basi, turudi.
Hakuna aliyeinuka.
Tokuji alivaa miwani, akaisoma ile karatasi nyekundu
polepole, neno kwa neno,
kama anayetangaza vituo.
Luzviminda akamnyang'anya kisu:
si hivyo, baba, utajikata, kunja vidole.
Kitunguu kikawaliza wote wawili,
mmoja wao akalia kupita kiasi cha kitunguu.
Nikatazama stovu.

Kwenye daftari, safu ya "Mwalimu", niliacha wazi.

Machi, hesabu zinapofungwa, nikaitwa barazani.
Diwani mmoja, mpole, kalamu mkononi:
"Wamehitimu wangapi?"
Hakuna, mheshimiwa.
Pakawa na kicheko kidogo, si cha ubaya.
Nilitaka kumwambia, nani huhitimu supu?
Unaipika leo, kesho njaa imerudi na bakuli lake.
Nilitaka kumwambia kwamba serikali kuu iko mbali,
inapita hapa kwa treni ya mwendo wa risasi, haisimami,
na kwa Luzviminda serikali
si bendera, si bunge,
ni dirisha la chumba cha pili
kuwa na mwanga kabla hajafika.
Nikameza. Karani humeza.
Wakakata mafuta ya taa nusu kwa nusu,
wakaniinamia kwa heshima, nami nikawainamia.

Sasa tunakaa na makoti.
Viti tumevisogeza, magoti yanakaribia kugusana,
na kitu hicho, ajabu, hakikuwa kwenye bajeti.

Jana Tokuji alipita ofisini,
akaniwekea kifurushi mezani, akatoka bila neno.
Yai la kukunja. Upande mmoja limeungua,
upande mwingine, jamani, dhahabu.
Alilifunga kwa jarida la manispaa, toleo la Aprili,
ukurasa ule ule wa makadirio,
na mafuta ya yai yalikuwa yamepenya karatasi
hadi tarakimu zikageuka kioo:
nikaona kupitia kwazo vidole vyangu,
na kuni, hapana, siyo kuni,
ni njiti ya kulia aliyonichongea mwenyewe,
moja ndefu kuliko mwenzake.

Nililila lote. Lilizidi chumvi.
Ameipata, basi, ilipokuwa.