Nina Mwezi

Upande wa magharibi wa paa letu, hapa Tudor,
palikuwa na mbingu.
Sisemi ilikuwa mbingu ya ajabu:
antena mbili, tangi la maji la Bi Maimuna,
na ng'ambo ya hori, taa za Mikindani.
Lakini jioni ya ishirini na tisa Shaabani
mtaa mzima ulipanda ngazi zetu bila hodi,
na mamangu akalalamika juu ya viatu mlangoni
huku mkono wake ukitafuta birika la kahawa.

Leo niko paa lile lile na beseni la nguo,
na magharibi kuna Ghalib.

Ghalib Mahfudh. Tulisoma darasa moja.
Hesabu zilimshinda, ila alipanga visanduku vya kibiriti
juu ya dawati, kimoja juu ya kimoja,
hadi Mwalimu Mbodze akaja akavipuliza.
"Si vimeanguka?" akasema.
Hakulia. Akaviokota, akapanga upya.

Babake alikuwa mpaka chokaa.
Nusu ya kuta za Kibokoni zilikuwa nyeupe kwa mkono wake,
na hata siku ya Idi, ndani ya kanzu ya pasi,
kucha zake zilikuwa zimeliwa.
Mwana amerithi ukuta. Ndoo hakuirithi.

Alianza na nyumba ya mjane mmoja Ganjoni,
vigae vyekundu, mlango wa mvule.
Akaenda na mkataba na boksi la tende.
Mjane akapewa fleti mbili, ghorofa ya tano,
na lifti, ambayo aliiogopa mwaka mzima,
akapanda ngazi na mkongojo, akihesabu kwa sauti.
Kisha Kizingo. Kisha Nyali, tatu kwa mpigo.
Sasa ukitoka bara, ukivuka Makupa,
mji unakuonyesha kwanza meno ya Ghalib.
Zamani ulikuonyesha
ngoja,
nimesahau.
Hilo ndilo linalonitisha.

Sitasema uongo. Mwanangu Shee ameajiriwa kwake,
alianza kwa kufunga nondo, leo asimamia zege,
na karo ya mjukuu wangu imetoka kwenye nguzo hizo hizo
zinazoninyima jua la saa tisa.
Nguo zangu hukauka kesho yake. Mtoto asomea udaktari.
Niweke lipi kwenye mizani, na jiwe gani?

Nilimwendea ofisini. Karani akaniuliza kama nina miadi.
Nikamwambia: nina mwezi.
Ghalib akatoka mwenyewe, kucha safi,
akaniita Kidebe, jina ambalo hakuna aliye hai analijua
isipokuwa yeye.
Akanionyesha Mombasa yake juu ya meza,
ya karatasi ngumu na plastiki, miti ya sifongo,
vijitu vyeupe visivyo na nyuso vikipunga upepo.
Nikatafuta paa letu.
Pale Tudor palikuwa na mraba wa kijivu wenye namba.
"Hiyo ni mipango tu," akasema.
Nikainama karibu. Nikajaza mashavu.
Akaweka viganja mbele ya minara yake,
upesi, kama mtoto,
kisha akacheka, nami nikacheka,
lakini viganja hakuviondoa.

Mwaka huu simu ililia kabla ya Isha.
Mwatsahu, bawabu wa ghorofa ya kumi na nane,
kijana wa Kwale, mtu wa swala zake,
aliyeahidi kunitazamia endapo bosi hayupo.
"Mama, umeandama. Mwembamba, kama ukucha."
Upepo ulivuma ndani ya simu yake;
huku kwangu nguo hazikutikisika.
Nikamwombea dua. Nikateremka kuwatangazia watu.
Ngazini
hapakuwa na kiatu hata kimoja.