Nyumba Isiyo na Mita

Miaka thelathini na mmoja nilisoma mita.
Vichochoro vya Langoni, Mkomani, hadi Shela kwa miguu,
tochi mdomoni, kalamu sikioni,
nikigonga milango ya nakshi na milango ya mabati:
“Hodi, stima!”
Watoto wakanibandika jina hilo, likaganda.
Nilijua nani hulaza friji wazi,
nani amekatiwa na anaona haya kukopa mshumaa.

Sasa nimestaafu. Nina kishamba Kipungani,
nyuma ya mikoko, urithi wa mama.
Nguzo za stima hazijafika kwangu
na sijazituma mtu kuziita.
Nachora.

Karatasi ni mgongo wa daftari la kazi.
Nilianza na vyumba vinne.
Fundi Bunu Lali akaja, akatazama, akacheka kwa pua.
“Upana huu umeutoa wapi?”
Mita nne na nusu, nikasema.
“Mita ni zako wewe. Boriti haijui mita.
Boriti ni mkoko, nao umekua ulivyokua.
Muulize yeye chumba kiwe na upana gani.”
Akanyoosha mikono, akaipima hewa:
pima moja, dhiraa moja, shibiri.
Pale kidole kilipokoma, ukuta ukasimama.

Nikafuta chumba cha nne.
Cha tatu nikakifuta kesho yake, kwa uchungu.

Maji ndiyo yaliyoninyima usingizi.
Kisima cha hapa kina chumvi, chai inaikataa sukari.
Na makuti, hata kama yanapumua,
mvua ikipita humo hushuka na rangi ya kahawa.
Basi nimechora uwanja wa chokaa,
umeinama kidogo, kama mtu anayeitikia salamu,
maji yateremkie jabia, chini, gizani,
na humo samaki wawili wadogo
wale viluwiluwi vya mbu.
Hao ndio waajiriwa wangu. Hawana likizo.

Dirisha la kusi na dirisha la kaskazi nimeyaweka yaangaliane.
Choo ni cha majivu; shemeji amecheka mpaka akakohoa.
Mwakani nitampelekea papai,
akishalimaliza ndipo nimwambie.

Juu ya paa, paneli moja, upana wa sinia ya pilau.
Wati nilizihesabu kama mkata posho:
taa mbili, redio ya taarifa ya habari,
simu ya Mwanaate ya kuzungumza na dada yake wa Faza,
na maongezi yao nayajua, hayana kituo.
Friji?
Ile nafasi yake niliitazama siku tatu.
Nikafuta.

Usiku Mwanaate akavaa miwani, akaishika karatasi.
“Jiko?” Nikamwonyesha.
“Mtungi?” Nikamwonyesha.
“Na mgeni akiya?”

Nikatafuta kwa kidole, kona hadi kona.
Nilikuwa nimechora nyumba ya mtu
aliyechoka kugonga milango ya watu,
nikasahau kuwa wa kwangu nao utagongwa.

Akaninyang'anya penseli.
Mbele ya mlango akachora daka,
baraza mbili za mawe, goti kwa goti.
Mstari wake ulipinda. Sikuunyoosha.
Bunu asema daka hilo lataka mawe ya ziada,
mikokoteni miwili, na chokaa juu yake.
Haya, nimemwambia, yaje.

Jana tumepigilia vigingi, tukavuta kamba.
Wenzangu walipoondoka nikarudi peke yangu,
nikaingia ndani ya nyumba ambayo bado haipo,
nikavua viatu mlangoni.
Na mazoea yana taabu:
tochi ikapanda yenyewe mdomoni,
jicho likatafuta ukutani kile kisanduku,
namba zikizunguka.

Hapakuwa na ukuta. Hapakuwa na namba.
Punda wa jirani akakatiza sebuleni,
akasimama, akanitazama,
nami, tochi ingali mdomoni,
nikamkaribisha.