Nishushe Ruo

Treni yangu ina mabehewa manne:
viti viwili vya sebuleni,
mbuzi ya kukunia nazi, ile yenye jino, haikaliwi na mtu,
na gunia la korosho ambalo baba
bado hajalipeleka ghalani.
Kichwa cha treni ni ndoo.
Moshi ninao mwenyewe, kinywani.

Bibi anasema reli ilipita hapahapa Nachingwea,
nyuma ya choo chetu,
ikibeba karanga za wazungu,
halafu wakaja watu wakaing'oa, chuma kwa chuma,
wakaenda nayo.
Nikauliza, na treni nayo waliing'oa?
Bibi akasema, kula ugali wako.
Basi nikajua: treni ipo.
Imejibanza tu mahali, inangoja kuitwa.

Nimeiita.

Abiria ninao. Jogoo, hana nauli.
Ndala ya mama ya kushoto;
ya kulia imekatika mkanda, imelazwa Nyangao.
Anayekosekana ni dada Somoe.

Dada Somoe ana mtihani.
Mtihani ni kitu kinachokaa mezani
kikamla mtu kuanzia machoni.
Tangu Mei kinamla.
Zamani alikuwa na mgongo wa kunibebea,
sasa ana mgongo wa kunigeuzia.

Nikapiga honi.
"Shamte, nyamaza."
Nikapiga honi ya kunong'ona.
Nikasema, dada, simba kalala relini.
"Mzunguke."
Mzunguke! Treni!
Mtu amefika kidato cha nne
na hajui kuwa treni haichepuki.
Nikasema, daraja la Lukuledi limevunjika,
jogoo anazama, ndala inalia.
Akafunua ukurasa.
Nikasema, dada, nimekufa.
"Pole."

Nikafa upya, safari hii vizuri zaidi, ulimi nje.
Saruji ni baridi kwa maiti.
Sisimizi alinipanda puani, akaamini.
Na hapo, chini ya meza,
nikauona mguu wa dada:
kidole gumba kinacheza chenyewe,
chuku, chuku, chuku,
juu anasoma, chini anasafiri.

Sikusema kitu. Maiti hasemi.

Kalamu ikalala.
"Hii inakwenda wapi?"
Nikafufuka mara moja.
Ruo! Nyangao! Mtama! Mtwara! Mwezini!
Halafu kwa shangazi!
"Mimi nishushe Ruo. Kituo kimoja tu, Shamte,
nina kemia."
Tiketi?
Akachana ukingo wa daftari, akaandika,
akanisomea kwa sababu mimi bado sijui:
Somoe, daraja la kwanza.
Akacheka peke yake, kidogo,
kisha akaacha kucheka, akaitazama ile karatasi
kama vile ndiye angeisafiria kweli.

Akakaa juu ya gunia. Korosho zikalalamika.
Nikatia moto.
Tukaipita minazi ya mzee Nandonde,
tukaipita shule, mwalimu akatupigia saluti,
nami nikageuka kumwambia dada, umemwona?

Kitu kizito kikaniangukia mgongoni.
Kichwa chake.
Kinanuka mafuta ya nazi na wino,
mdomo wazi, pumzi inaingia kwenye kola yangu.

Simba aliinuka mwenyewe akatupisha.
Jogoo alivuta shingo awike,
nikamwonyesha ndoo, akaghairi.
Honi sikuipiga tena.
Mgongo wangu ni mdogo, una upele mmoja unaowasha,
sikuukuna.

Ruo ikaja.
Niliiona yote: taa, kibao, mama mwenye kapu la mihogo,
stesheni masta ameinua bendera.

Nikampungia mkono, polepole,
nikaipita.