Raundi ya Saba

Newala mtandao hukamata vizuri sehemu moja tu,
nyuma ya ghala la chama cha msingi.
Saa tisa za usiku, Mei, ukungu umepanda hadi magotini,
tulikuwa kumi na wanne juu ya magunia matupu
tukiitazama simu ya Chande,
na ndani ya simu kaka yangu Faraji
ameielekeza kamera kwenye televisheni ya sebuleni kwake.

Kanada wanachaguana.
Timu tisa, vijana wa vyuo,
na aliyeshika mkia mwaka jana ndiye wa kuchagua kwanza.
(Somoe akasema: kumbe wana huruma.)
Mpira wenyewe wanauita wa miguu
na wanaukumbatia kwa mikono,
umechongoka huku na huku kama papai changa.
Nimeelezwa mara tatu. Sijaelewa.
Ninachojua, Twalibu, mtoto wa Faraji,
kazi yake ni kumzuia mtu asipite.

Walituma na karatasi ya vipimo:
kimo, kilo mia moja na nne,
urefu wa mkono, upana wa kiganja,
mara ngapi amenyanyua chuma akilala chali.
Nikaisoma kikarani, maana msimu ukifika
mimi ndiye wa mzani,
napima, naandika, daraja la kwanza, daraja la pili,
korosho zinapasuliwa tuone kilichomo.
Kisha mkono ukaniingia ganzi.

Baba naye alipimwa.
Wakala alikuja na lori, akawapanga vijana mstari,
akawaminya misuli, akawafunua midomo,
wewe, wewe, si wewe,
akamtundika baba kipande chenye namba,
mkongeni, Tanga. Manamba.
Miaka mitatu hakuna aliyemwita Nang'ande.
Hata alipozeeka, ukimwita ghafla
alikawia kidogo kuitika,
kama mtu anayengoja kwanza namba yake ipite.

Raundi ya kwanza, si yeye.
Ya pili, ya tatu. Kijana mwenye shingo kama kinu
analia, mama yake analia.
Ya nne bando likakata, tukachangishana.
Ya tano, adhana. Wanaume wakaenda, wakarudi miguu imelowa.
Bado?
Bado.
Somoe akawasha moto wa vitumbua.
Na mimi nilikuwa na dua mbili zinazopigana:
wamchukue; wasimguse.

Mnadani kwetu, barua za bei zikifunguliwa
na bei ikiwa ya dharau, tunasimama ukumbi mzima:
Hatuuzi!
Nilitaka kumuuliza Faraji
kama huko nako mtoto ana ruhusa ya neno hilo.
Sikumuuliza. Angecheka.
Au asingecheka.

Raundi ya saba, kweupe kunaanza,
bwana mwenye tai akakunjua karatasi, akatulia,
akameza mate, akasema,
"Twalibu... Nangandi."

Magunia yote yakamrudi kwa pamoja:
Nang'ande! Ng'! Ng' kama ng'ombe!
Vitumbua vikaungua.
Faraji akaigeuza kamera, inatetemeka,
na kwenye kioo kile kidogo kama kiganja
likasimama jitu la watu lenye macho ya baba,
limesimama pale pale, jina halijamalizika kutamkwa,
halikukawia hata nukta.

Wenzangu walipokwenda kupalilia
nilifungua daftari la mzani, ukurasa wa nyuma,
nikaandika: Twalibu Nang'ande, kilo mia moja na nne.
Sehemu ya daraja nimeiacha wazi.

Chande akachungulia begani kwangu.
"Shangazi, kwani kachukuliwa na timu gani?"
Tukatazamana.
Hakuna aliyesikia.